Koti la Yule Aliyechimba na Byamungu

Pale Asiatique, mtaa wa maduka, mbele ya duka la vitambaa la Himid, kuna benchi linalotubeba sote, Wakristo na Waislamu, wenye kazi na wanaoingojea. Birika la kahawa ni la Himid. Mimi hukaa ukingoni kwa sababu nikicheka namwaga. Wiki hii habari ni moja tu: Jumapili dayosisi yetu ya Anglikana inafanya jubilei, na pasta wetu wa Musaga amemwomba Byamungu, mkongwe wa ibada ya Kiswahili, asimame atoe shukrani na kueleza ibada hiyo ilianzaje. Byamungu amekataa, na sababu haisemi. Basi kijiwe kizima kimejipa kazi ya kueleza badala yake, naye amekaa papo hapo.

Wa kwanza alikuwa Herménégilde, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki.

— Askofu mumoja wa zamani alikuja hapa kununua kitambaa ya kanzu. Akaongea Kirundi, wakamupandishia bei. Akaongea Kifaransa, wakaongeza tena. Akarudi kanisani akasema, mapasta wote wajifunze Kiswahili.

Himid alisema muuzaji huyo lazima alikuwa babu yake, na akaliomba kanisa msamaha kwa niaba ya ukoo.

Vainqueur, anayeitwa Kapiteni ingawa hata mtumbwi hajapanda, hakukubali.

— Apana. Ni kiboko. Alitoka mu ziwa, akaingia kanisani katikati ya mahubiri. Wakamufukuza na Kirundi, akabaki. Na Kifaransa, akalala. Mama moja wa Uvira akamuambia «toka», akatoka.

— Alitoka na adabu? Himid akauliza.

— Aliinamia altare kwanza.

Nikamwaga kahawa. Byamungu peke yake hakucheka. Aliweka kikombe chini.

— Ni jembe yangu ndiyo ilianzisha, akasema. Nilikuwa naona haya.

Akatueleza. Alikuwa amevuka mpaka kutoka Uvira, upande wa Kongo, na watoto na godoro moja, hajui Kirundi ila maneno mawili matatu. Akasikia watu wa kanisa wakitangaza kwamba siku ya Mungu, yaani Jumapili, wote waje «gushima». Kwa Kirundi ndiyo kushukuru. Yeye akasikia shimo. Akadhani wanatafuta wachimbaji, akaazima jembe kwa jirani na kufika alfajiri awe wa kwanza kuchukuliwa.

— Nikakuta watu na masuti, bamama na bitenge mupya, ndizi na maharagi mbele ya altare. Na mi na jembe ku bega. Watoto wakaanza kucheka.

Alitaka kukimbia. Ndipo mwanamume mmoja akainuka kwenye kiti cha mbele, akamshika mkono na kumpeleka nyuma ya kanisa. Akavua koti, akalitundika kwenye ua, akatafuta jembe la pili. Wakachimba pamoja mpaka ibada ikaisha. Akina mama wakawaletea chakula. Jumapili iliyofuata Byamungu alikuja na majirani zake Wakongomani kulimaliza shimo, na kabla ya kuanza kazi wakaomba kwa Kiswahili. Shimo likawa choo cha kanisa. Maombi yakawa ibada.

Wanangu wote wamebatizwa katika ibada hiyo. Nimemzika mama kwa lugha aliyoniimbia nikiwa mtoto. Nilimtazama yule mzee na jembe lake la kuazima, nikashukuru.

Hatukuwa tumemwona Annick wa kwaya, aliyetumwa na pasta kumbembeleza Byamungu mara ya mwisho. Alikuwa amesimama nyuma yetu na amesikia yote.

— Baba, ule mutu alivua koti, alikuwa anaitwa nani?

Hata Redio hakujua.

— Ile ndiyo inaniuma, Byamungu akasema. Haya ya jembe iliisha zamani. Kirundi mi sikujua, Kiswahili yeye hakujua. Wakati nilijifunza kuuliza, hakukuwa tena. Wengine walisema alihama, wengine walisema alikufa. Sasa nisimame mbele ya askofu nishukuru nani?

Annick akakaa nasi kwenye benchi. Himid akammiminia kahawa.

— Nitakuja, Byamungu akasema mwishowe. Nitaeleza ile koti. Ilikuwa ya kahawia, ku kiwiko wameweka kiraka na uzi ya kijani. Pengine mule ndani kuna mutoto atajua koti ya baba yake.