Miwani Nyeusi ya Mama

ONESMO: Haloo? Nani mwenzangu? Namba ngeni hii.

NYAMIZI: Ungeijua ungepokea?

ONESMO: Dada... Shikamoo.

NYAMIZI: Usiniamkie. Jumatatu ile ya mwezi wa tatu unaikumbuka?

ONESMO: Niko duarani, kwenye shimo la dhahabu, dada, mtandao huku Geita—

NYAMIZI: Narudi nyumbani na mkate wa safari. Begi la mama limefungwa, tiketi za Mwanza ziko juu ya cherehani. Kitanda kitupu. Mtaa mzima wa Ngokolo ulishajua isipokuwa mimi! "Mdogo wako kaja na gari la Noah, kamchukua mama yenu." Miezi minne hushiki simu yangu.

ONESMO: Na wewe je? Jumapili hii nafika kijijini kwa mama, mlango una kufuli. Nimemtafuta mpaka kwa—

NYAMIZI: Kwangu hukupiga.

ONESMO: Ungenitukana.

NYAMIZI: Ningekutukana, ndiyo. Jumamosi mama alipanda basi peke yake. Kafika kwangu bega limechubuka kwa kujigonga milangoni. Tuko Mwanza, wodini. Simu hii ni ya muuguzi.

ONESMO: (anahema) Yuko hai. Basi. Mungu mkubwa.

NYAMIZI: Usimwingize Mungu. Ulimtorosha mgonjwa siku moja kabla ya—

ONESMO: Nimtoroshe? Aliniomba mwenyewe! Jicho lilikuwa jeupe, halina hata doa. Halafu ninyi mnataka kulipiga mionzi—

NYAMIZI: Kansa ilikuwa ndani, nyuma! Ungeionaje na tochi yako ya kichwani?

ONESMO: Daktari alisema mwenyewe, nilikuwepo: baada ya mionzi jicho litakuwa jekundu wiki kadhaa. Jekundu, Nyamizi! Kijijini kwetu! Bibi Mageni macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni tu. Wakamwita mchawi. Asubuhi ile nani alimkuta kakatwa mapanga? Wewe ulikuwa mjini unashona sare za shule. Nilimkuta mimi.

(Mtandao unakwaruza.)

NYAMIZI: Angekaa kwangu mpaka wekundu uishe.

ONESMO: Mama huyu? Akae Ngokolo, msiba ukitokea asiende kuzika? Unaongea kama humjui.

NYAMIZI: Namjua. Na kile kisahani cha mionzi nakijua, maana nilibaki kusikiliza wewe ulipotoka kuvuta sigara. Kidogo kama kifungo cha koti. Kinashonwa juu ya jicho palepale penye kivimbe, kinakaa siku tano sita, kinatolewa. Rufaa ya India ilishasainiwa, Mwanza tulikuwa tunapitia tu. Kivimbe kilikuwa milimita tano, Onesmo. Jicho lingebaki.

ONESMO: Lingebaki jekundu.

NYAMIZI: Na bila mionzi halikugeuka jekundu? Ehe? Jibu!

ONESMO: Mtandao unakatika, dada—

NYAMIZI: Mwezi wa tano ukamnunulia miwani nyeusi.

ONESMO: Ili watu wasione. Na hakuna aliyeona, dada. Kila Jumapili nilikwenda, namkuta kaivaa—

NYAMIZI: Hakuna aliyeona. Hata wewe hukuona. Jicho lile halioni tangu mwezi wa sita.

ONESMO: Hakuniambia.

NYAMIZI: Angekuambia nini, na wewe ukifika unauliza kwanza miwani iko wapi?

ONESMO: (sauti inashuka) Sasa wampeleke huko India. Kisahani hicho—

NYAMIZI: Haloo? Sema tena.

ONESMO: Kisahani! Wamwekee! Au ile mashine ya kupiga mionzi kutoka nje, wampige hata leo—

NYAMIZI: Leo ndiyo unaitaka mionzi!

ONESMO: Dada, nakuomba.

NYAMIZI: Usiniombe mimi. Kivimbe kimejaa zaidi ya nusu ya jicho, kisahani hakikitoshi. Nimeuliza hiyo mashine pia. Daktari kasema kwa hali aliyofikia, jicho lingekufa na maumivu yangebaki. Presha ya jicho imepanda, mama hali, halali. Wanalitoa.

ONESMO: Bila kuniuliza? Mimi ndiye mwanaume wa—

NYAMIZI: Malizia! Malizia nikusikie.

ONESMO: Nani kasaini?

NYAMIZI: Mama. Kashika kalamu mwenyewe.

ONESMO: Nakuja. Navua buti, nafika jioni. Basi wakishalitoa yameisha, si ndiyo? Jicho moja watu wanaishi. Atalima, ata—

NYAMIZI: Leo wamempima ini.

ONESMO: Ini? Jicho na ini wapi na wapi?

NYAMIZI: Kansa hii ikitoka kwenye jicho hukimbilia huko.

ONESMO: Na mwezi wa tatu? Walilipima mwezi wa tatu?

NYAMIZI: Walilipima.

ONESMO: Likawaje? Dada? Haloo? Likawaje?

NYAMIZI: Lilikuwa safi.

ONESMO: Dada...

NYAMIZI: Muuguzi anataka simu yake. Ukija, usilete miwani nyingine.

ONESMO: Subiri, nipe mama, hata salamu tu, nipe—

NYAMIZI: Kesho saa mbili asubuhi wanalitoa. Majibu ya ini yanatoka Ijumaa.