Bwana Mongi na Anwani Thelathini na Mbili za Daktari Sihem

Tarehe 31 Agosti, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Bwana Mongi Ghorbel anastaafu kutoka Kitengo cha Majina cha kampuni yetu ya intaneti hapa Sfax. Kitengo kina watu wanne. Watatu kati yetu tumetumia sehemu kubwa ya ajira yetu kumsubiri huyo wa nne amalize kahawa.

Kazi yake imekuwa DNS ya kinyume, yaani daftari la majina ya intaneti likisomwa kinyumenyume. Watu wa kawaida huipa kompyuta jina, nayo huwatafutia namba. Bwana Mongi hupewa namba, ambayo sisi huiita anwani, akasema ni ya nani. Seva inayopokea barua pepe huuliza swali hilohilo kabla ya kufungua mlango, na jibu lisiporidhisha, barua hurudishwa ilikotoka. Kwa hiyo kwa miaka thelathini na mitatu nusu ya mji huu imetambulika kwa hisani yake, naye hajawahi kuacha jambo hilo lisahaulike.

Mteja aliyetaka kubadili jina la anwani moja alijaza fomu ya kijani, nakala tatu, na kuileta mwenyewe. Kampuni ya intaneti, lakini fomu haikupokelewa kwa intaneti. Aliyeuliza sababu aliambiwa, "Mwanangu, barua pepe anaweza kutuma mtu yeyote."

Mafanikio yake makubwa zaidi yalitokea Julai, miaka mitatu iliyopita, tukiwa katika saa za kiangazi, ambapo ofisi hufungwa saa nane mchana na saa saba na nusu kila mtu tayari ana funguo za gari mkononi. Mfanyabiashara wa mafuta ya zeituni mwenye anwani nane aliomba akasimiwe majina yake, ayasimamie mwenyewe. Ugumu wake ni huu: daftari la majina ya kinyume hukatwa kwa mafungu ya anwani mia mbili hamsini na sita. Ukitaka kumpa mtu kipande tu cha fungu, unaandika kwenye kila mstari wake kwamba jibu likaulizwe kwake. Mistari minane. Ni kazi ya robo saa.

Zilikuwa zimebaki dakika tano. Mfanyabiashara akapewa fungu zima.

Fundi wake, kijana mchangamfu, alikuwa ameielekeza seva yake ijibu jina la kinu chao cha mafuta kwa namba yoyote itakayoulizwa. Hivyo kwa wiki tano kampuni ya bima, chuo cha ushonaji na wakala wa safari za Umra vyote vilijulikana duniani kuwa kinu cha mafuta ya zeituni. Kwa mji wetu unaoishi kwa zeituni, wengi waliona ni sifa.

Daktari Sihem Kammoun hakuiona hivyo. Maabara yake ndogo ya kupima damu ilikuwa na anwani thelathini na mbili ndani ya fungu hilo, na majibu aliyoyatuma kwa barua pepe kwa hospitali moja ya Tunis yalikuwa yakirudishwa yote. Hospitali ilimpa hadi Ijumaa. Baada ya hapo sampuli zingepelekwa kwingine, naye angefunga maabara. Alipiga simu mara sita. Bwana Mongi alifungua daftari lake la karatasi, akaona limeandikwa sawasawa, akamshauri, "Daktari, pengine unaandika kwa haraka. Hospitali wanapenda salamu kwanza."

Jumatano akaja mwenyewe, akamwekea mezani rundo la barua zilizokataliwa. "Bwana Mongi, mimi si kinu. Mimi napima damu. Soma mwenyewe hapo, kisha uniambie tena habari za salamu."

Alisoma. Akageuza karatasi moja moja hadi ya mwisho, kisha akasema, "Haki yako, bibie. Kaa, unywe kahawa."

Seva za watu hukumbuka jibu la zamani kwa siku nzima, kwa hiyo kusubiri kesho ilikuwa sawa na kukataa. Saa nane ikapita, naye bado kaketi. Mlinzi alipanda ghorofani kuuliza kama kuna msiba. Bwana Mongi alilirudisha fungu, akaandika mistari minane ya kinu, kisha mmoja baada ya mwingine mistari thelathini na miwili ya maabara, ili Daktari Sihem asimamie majina yake mwenyewe na asihitaji tena fomu ya kijani. Saa kumi na moja alimaliza. Ijumaa asubuhi hospitali ilipokea majibu yote, na maabara ipo mpaka leo.

Mkurugenzi alitaka kujua nani alikosea. Bwana Mongi alijibu, "Mimi. Peke yangu." Akapewa barua ya onyo, na unaibu wa mkuu wa kitengo, alioungojea miaka tisa, ukaenda kwa mwingine.

Sasa anastaafu, haitamdhuru nikisema. Kwa utaratibu wetu kila badiliko huwa na sahihi mbili, ya mwandikaji na ya mkaguzi. Siku ile mfanyabiashara alipopewa fungu zima, mkaguzi alikuwa mimi, nikiwa katika mwezi wangu wa tano wa majaribio, na niliitia karatasi ile sahihi nikiwa nimesimama mlangoni, mkoba begani, bila kusoma hata neno. Nilipokwenda kumwomba radhi alinifukuza: "Nenda zako, Imen. Nina kazi."

Asante, Ami Mongi. Nimekucheka ukurasa mzima kwa sababu sikujua njia nyingine ya kulifikia hili. Mungu akupe afya, miaka mingi, na viangazi visivyo na saa nane.

Wasifu huu nimeusoma mara tatu kabla ya kuutia sahihi.

Imen Chaabouni, Kitengo cha Majina