Nywele mu Kibiriti

Bababa na bamama ba shirika yetu ya kanisa, yambo yenu. Muniachilie niseme nikiwa nasimama. Kukaa siwezi, na leo zaidi, sababu bibi yangu eko pale nyuma karibu na mulango, na bado sijui kama atabakia mpaka mwisho. Majina ya bantu sitataja. Yangu munaijua, inatosha.

Munakumbuka nilikuwa ku moto ya shaba, ku fonderi. Nikaanza kukohoa, kifua inauma. Ku hospitali ya kazi balipiga radio, ile picha ya kifua, bakaona kivuli. Bakaniambia, "Citoyen, ni vumbi ama ni kifua kikuu." Bakanichoma sindano miezi na miezi, mpaka hata kukaa pa benchi ya misa ikakuwa shida. Munacheka, sababu hamukuchomwa ninyi! Na kikohozi haikupona.

Asubuhi moja, mbele ya sirene ya kazi, nilikohoa mu kitambaa. Nikaangalia. Nywele tatu, nyeusi, na kitu sawa mafuta. Ndugu zangu, si uzi ya nguo. Nywele ya muntu! Kisha siku chache, tena. Sikuambia muntu, hata munganga wa hospitali. Niliogopa. Nikazitia mu kibiriti, nikaficha kibiriti mu koti.

Sasa munajua bibi yangu anasuka bamama nywele kila siku ya posho, mwisho ya juma, pa baraza yetu. Nikasema, njo yeye. Ananilisha nywele mu bukari, mu ugali yangu. Nani mwingine?

Nikaacha kula kwake. Nilikuwa natoka kazi, natembea na miguu mpaka Naviundu kwa dada yangu mukubwa, nakula, narudia. Nakuta bukari yangu imefunikwa, imekuwa baridi. Bababa, munajua vile iko: mwanaume akikataa bukari ya bibi yake mbele ya batoto, ameisha kumuhukumu. Nikamukataza kusuka. Hata hivyo sikutulia. Nikakamata fagio, mi mwenyewe, nafagia kiwanja kila asubuhi, natafuta nywele, nachoma. Jirani mumoja akaita ku lupango, juu ya uzio, "Citoyen, umeoa fagio sasa?"

Mwisho nikanunua tiketi ya treni, arudie kwao Kamina. Nikaitupa pa meza.

Akaniuliza, "Baba ya batoto, kosa yangu ni nini?"

Nikatosha kibiriti mu koti, nikafungua mbele yake. "Kosa yako njo hii. Inatoka mu kifua yangu."

Nilingoja alie, ama akimbie. Aliangalia ile nywele murefu, kisha akaniangalia mi.

"Unakohoa hii? Na munganga anajua?"

"Hapana."

"Basi treni itangoja. Twende. Kama mi niko mulozi, munganga aniambie."

Akafunga kitambaa ku kichwa, akabeba kibiriti yeye mwenyewe. Mi nikamufuata nyuma.

Ku hospitali kubwa, munganga muzee akafungua kibiriti, hakucheka. Akapiga radio ingine, ya upande, akaonyesha na kalamu: "Unaona hii kadogo kanyeupe? Iko jino." Jino mu kifua! Niliruka pa kiti. Akasema, "Ikala, nikuelezee. Mutoto akingali anafanyika mu tumbo ya mama yake, kuna mbegu ndani yake, ile ya kuja kuzaa kesho. Inatembea mpaka pa fasi yake. Sisi tunaona mara moja moja ingine inapotea njia, inabakia mu kifua. Na kazi inayojua ni moja, kutengeneza muntu. Njo inaota nywele, ngozi, jino. Sasa uvimbe imetoboa njia ya pumzi, njo unakohoa nywele."

Bibi yangu akauliza neno moja tu. "Docteur, eko na hii kitu tangu lini?"

"Tangu mbele ya kuzaliwa kwake, mama."

Akahesabu na vidole, polepole. Mi namupita miaka sita. "Basi mi nilikuwa sijazaliwa," akasema. Haya ilinikamata, ndugu zangu, mpaka nikatamani ile jino initafune.

Balinipasua, bakatosha kitu kubwa sawa ngumi, bakapima, bakasema haikuwa ya kuua. Kikohozi ikaisha. Asante kwa ule munganga na banesi. Asante kwa dada yangu, alinilisha na kunitukana pamoja sababu nilikataa bukari ya bibi yangu, na alisema kweli. Na ninyi mulionikalia ku kitanda. Musifiche ugonjwa mu koti. Mbele ya kuuliza "ni nani?", ulizeni munganga "ni nini?"

Mu nyumba nilimuomba pardon. Akajibu, "Ulinishitaki mbele ya bantu, utaniomba tu mbele ya bantu." Njo maana nimesimama. Mama ya batoto, ile kitu ilikuwa yangu. Mi njo nilikosa. Unisamehe.

Nini? Semeni kwa nguvu, sisikii pale nyuma.

Bibi yangu anasema miguu itaniuma, niikale sasa, bukari inangoja ku nyumba. Basi, bababa na bamama, naikala.