Chumvi Juu ya Jiwe ya Papa Nestor

Mwaka ule vita ilikata barabara na réseau ya simu pamoja, na kwenye benchi ya kahawa ya Mama Jeannette, Masisi-centre, watu walikunywa kidogo na kusema sana. Papa Nestor, muchimbaji wa madini wa Kibua, alikaa pale tangu asubuhi na barua mufukoni, akisubiri muntu wa kumusomea. Vita ilipomufukuza Kibua alimutumia binti yake Gentille, anayesoma fizikia Ulaya, kale kajiwe binti alimuomba zamani, bila barua. Toka pale, miezi saba, hakuna habari. Binti hakujua kama baba iko muzima. Basi Muhindo, dereva wa camion wa Butembo waliyemuita Quatre-Pneus, aliyebeba ile jiwe, alipofika kwa njia za kuzunguka hakupewa hata nafasi ya kusalimia: akawekewa barua mukononi. Akasoma:

— «Papa, jiwe imefika. Tunaipiga na lazeri, mwangaza mukali sana. Inatoa kamoshi kadogo kanawaka. Mashine inapasua ule mwanga, na kila kitu ya mu jiwe inaonyesha mistari yake ya rangi.»

— Iko radi ile, akasema Henri, mulimaji wa maharagi waliyemuita Docteur kwa sababu alilazwa hospitali ya Kirotshe mara mbili. Wanaikamata mu mvua, wanaifunga mu chupa.

— Radi gani? akasema Quatre-Pneus. Iko phare tu, taa ya mbele ya camion. Uiwashe mwaka muzima, itatoboa mulima.

— Kumbe! akasema Docteur. Basi wanachimba wakiwa kwao. Siku moja tutaamuka, Kibua yote iko tundu.

— Soma, akasema Nestor.

— «Pigo ya kwanza ilitoa mistari mbili ya manjano, imebanana, mashine ingine ingeona moja tu. Ile njo alama ya chumvi. Wenzangu walisema jiwe iko chafu. Pigo ya pili, manjano imeisha: ilikuwa juu tu. Mimi nikalia. Chumvi ya mate. Papa, uliilamba.»

Wote wakamugeukia. Kila muntu alimujua Nestor: jiwe haitoki mukononi mwake kabla hajailamba aone inavyong'aa, na walimucheka kwa hiyo miaka na miaka.

— «Hakuna mwengine analamba mawe. Nikajua vita ilikuacha.»

Nestor alipangusa macho na kofia yake, mbele ya wote.

— Aksanti Mungu. Aksanti Muhindo, na wote waliibeba.

Consolée, mwalimu aliyekimbilia kambi ya Lushebere, alikuwa amesimama pale na kikombe chake. Ilikuwa siku yake ya kwanza kwenye benchi.

— Samahani Papa. Kwa nini haukuandika tu kama uko muzima?

Docteur akaangalia kahawa yake. Quatre-Pneus akaangalia camion yake.

— Muntu wa kuniandikia barua, akasema Nestor polepole, alikuwa Gentille. Kuomba mwengine, niliona haya.

Consolée akaketi. Akatoa bic, akapasua karatasi ya daftari.

— Sema, Papa. Naandika.

Nestor akatafuta neno ya kwanza kati ya maneno ya miezi saba. Akachukua ile karatasi, akailamba kwenye pembe, akamurudishia.

— Anza na aksanti, akasema.