Zebaki Ilipoadimika

Ndugu zangu, mniwie radhi nikisimama karibu na mlango, mtaelewa nikiendelea. Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Hata ushuhuda huu nimeuwaza tangu Pasaka, nikauacha, nikaurudia.

Nilihitimu ualimu wakati wa vita vikuu vya pili vya dunia, nikaolewa, nikahamia upande wa Geita, mume wangu alikokuwa akichimba dhahabu. Mnaoijua kazi ile mnajua: unga wa mwamba unachanganywa na zebaki, zebaki inaikusanya dhahabu, kisha donge linachomwa. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Zamani alichomea uwanjani. Halafu zebaki ikaadimika. Mwenye duka alisema inatoka ng'ambo, na huko ng'ambo sasa wanaitia kwenye fataki za mabomu. Iliyobaki aliiuza kwa matone, kama dawa ya macho.

Basi mume wangu akajifunza kuiokoa. Alikata kiazi kitamu, akakichimba katikati, akalifunika donge nacho juu ya kikaango. Kiazi kilinasa mvuke, naye alikiponda baadaye akaipata zebaki yake tena. Ili upepo usimwibie, akaihamishia kazi ndani. Dirisha nililiziba mimi mwenyewe kwa kanga kuukuu. Na chumba hicho ndimo alimolala mtoto wetu wa kwanza.

Nawaambia, woga uliingia nyumba ile ukakaa kama mpangaji. Chaki ilianza kunitetemeka mkononi. Nikiandika ubaoni nahisi mtu amesimama nyuma yangu. Nageuka, ni ukuta. Mdomoni nina ladha ya sarafu. Nikaacha kufundisha. Kisha mtoto naye akaanza kutetemeka, titi likimponyoka akinyonya. Nikasema tumerogwa. Nilimshuku kila jirani, hata yule aliyeniletea maziwa.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka kijijini kwao Samuye na kapu la michembe, vile viazi vya kukaushwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mayu we! Humu mnaoka watu?" Akausukuma mlango ukawa wazi.

Mume wangu aliruka kutoka kwenye kikaango chake. "Mama, funga! Zebaki inatoka!"

"Itoke! Kwani ni mbuzi, itapotea njia?"

Alicheka mwenyewe. Mimi neno lile lilinishika. Inatoka. Mlango ukiwa wazi inatoka. Ukifungwa, inakwenda wapi? Niliwaza kama ninavyowaza, huku na huku, na kila njia ilinifikisha kwenye kifua cha mtoto, kikipanda na kushuka.

Nikamwinua, nikatoka naye.

"Unakwenda wapi?"

"Pasipo moshi wako."

"Na bila zebaki, vumbi la dhahabu nitaliokota kwa kucha?"

"Liokote. Au liache liende na maji. Mtoto simwachi aende."

Mama mkwe alibeba kapu lake, hata hajakaa, tukaondoka pamoja. Muuguzi wa zahanati ya misheni hakuniuliza nani anatuchukia. Aliuliza tunavuta hewa gani. Dawa yake ilikuwa hewa, maziwa na subira, na subira ilikuwa chungu. Polepole mtoto alilishika titi. Baadaye sana, kijiko. Mume wangu alitufuata akiwa hawezi kufunga vifungo vya shati. Mama yake alimfungia, hakumtania. Siku hizi anaosha mchanga kwa karai tu. Dhahabu iliyo laini inampita, naye anaitazama ikienda.

Sitawadanganya kwamba yamekwisha. Ziko alasiri ambazo bado nageuka kumtafuta yule mtu wa ukutani. Na mtoto hukawia kujibu. Namwita, kisha nangoja mpaka aseme, "Abee, mama."

Namshukuru mama mkwe. Namshukuru muuguzi. Namshukuru jirani yule wa maziwa, ambaye nilimnunia na bado akaleta. Kwenu nina neno moja tu. Kitu kikiadimika, sisi hukifungia ndani tukakaa nacho, tukaona tumekiokoa. Kabla hamjafunga, ndugu zangu, tazameni kwanza humo ndani amelala nani.