Bi Amri, Aliyepandisha Majina ya Watoto Winguni

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mtunza kumbukumbu wetu wa vizazi anastaafu. Ofisi nzima inamwita Bi Amri, kwa kuwa kompyuta ndiyo pekee humu ndani iliyowahi kufanya alichoiambia.

Alianza enzi za madaftari. Mwaka wake wa kwanza mchwa walikula kabati zima, na yeye, mgeni kazini, akapewa heshima ya kukaa dirishani kuwaeleza wazazi kwamba watoto wao hawamo. Mama mmoja alimsikiliza hadi mwisho, kisha akampandisha mwanawe juu ya kaunta. "Na huyu je, binti, nimemwokota?"

Kompyuta zilipokuja, alipelekwa kozi ya wiki mbili, akarudi na tabia mbaya. Kila siku kabla ya kufunga ofisi alifungua skrini nyeusi isiyo na picha wala vitufe, akaandika mstari mmoja wa amri, na nakala za faili za siku hiyo zikapanda kwenye hifadhi ya wingu, yaani kompyuta za mbali zisizojua kama paa letu linavuja. Kila Ijumaa alipakua faili moja kutoka huko, akaifungua, akaisoma. Sisi wenye busara tulicheka. Mkurugenzi alimwandikia barua aache kuchezea kompyuta saa za kazi.

Kwa bahati njema uongozi ukamwajiri mtaalamu mwenye tai. Akatuwekea programu ya kisasa ya kunakili faili, yenye alama ya kijani ya kuonyesha kwamba mambo ni salama. Kwa miezi kumi na moja programu ile ilifanya kazi bila kosa: ilinakili folda tupu kila asubuhi, kwa uaminifu wa kupigiwa mfano. Bi Amri alimwonyesha mtaalamu folda hiyo. Akajibiwa kwamba kijani ni kijani. Basi akaendelea na mstari wake, ila sasa alipakia saa ya chai, sisi tukiwa tunakunywa.

Jumanne moja bomba likapasuka juu ya chumba cha seva, kompyuta kuu inayotunza faili zetu zote. Fundi bomba alipofika, seva ilikuwa imeshaoga vya kutosha na haikuwaka tena. Mtaalamu akaitazama alama yake ya kijani, akakumbuka ana mkutano mahali. Dirishani alikuwapo baba aliyebeba mtoto wa miezi saba mwenye tundu la moyo. Walitakiwa kusafiri Alhamisi kwa upasuaji, na pasi ya mtoto ilikuwa inasubiri cheti chetu.

"Kumbukumbu zipo winguni, Mkurugenzi," akasema Bi Amri.

"Wingu gani, mama, na jua lote hili?"

Bi Amri alikunja mikono ya blauzi, akakaa kwenye kompyuta ya mapokezi, akaandika amri ya kupakua. Alikosea mara mbili. Nyuma yake tulisimama watu sita, kama tunaosubiri matokeo ya mtihani. Kisha majina yakaanza kushuka, moja baada ya jingine, na yule baba akakaa chini sakafuni, akalia.

Jumatano adhuhuri baba yule aliondoka na cheti. Mwezi uliopita mtoto alikuja kututembelea kwa miguu yake mwenyewe, akatuvunjia muhuri.

Mtaalamu alipewa barua ya pongezi kwa kusimamia urejeshaji. Bi Amri alipewa kikombe chenye nembo ya ofisi. Anakitumia kuwekea kalamu.

Bi Amri, anayeandika haya ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, na ndiye aliyekabidhiwa mstari wako. Jana niliuandika peke yangu kwa mara ya kwanza. Nilikosea mara nne, nawe ulikuwa umesimama nyuma yangu, na hukucheka hata mara moja. Ahsante kwa hilo, na kwa mengine yote ambayo hatukuwahi kukushukuru. Mapumziko yako yawe marefu, yenye afya na furaha tele.