Sajinitaji Ansbert Rwegoshora na Adui wa Kubuni

Marehemu Ansbert Rwegoshora alizaliwa tarehe 14 Machi 1943, Kamachumu, Bukoba, mtoto wa tatu wa Mzee Revelian na Mama Felista. Alisoma hukohuko hadi darasa la nane. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba nusu ya vijana wa kijiji walichumbia kwa barua zake.

Mwaka 1965 alijiunga na jeshi. Baadaye, hapa Dar es Salaam, kazi yake ikawa kutunga vita vya kuigiza: adui yuko wapi, daraja gani limevunjika. Maofisa walivicheza juu ya meza ya mchanga uliofinyangwa vilima na mito, kwa vibendera na alama. Taabu ni kwamba kila kambi ilikuwa na alama zake. Mwaka 1991 kambi mbili zikabadilishana mazoezi. Kwa moja, kibendera chekundu kilikuwa adui. Kwa nyingine, jiko. Wakubwa walilizingira jiko asubuhi nzima, wakalishinda.

Ansbert akatunga karatasi moja, alama zilezile kwa wote, akaidurufu na kuigawa kila kambi bila ruhusa. Mkuu wake, Kapteni Mwinshehe, akawaka.

"Umetoa siri za jeshi!"

"Afande, adui mwenyewe tumemtunga sisi. Siri tunamficha nani?"

Akawekwa mahabusu siku tisa. Siku ya kumi kambi zote zilicheza pamoja kwa karatasi yake, zikaelewana. Kapteni akaenda kumfungulia mwenyewe.

"Toka, Sajini. Halafu nieleze, hii pembetatu ni nini?"

Walipomtaka aandike jina lake juu ya karatasi, alikataa. "Nikiweka langu, kesho kila kambi itaweka lake, tutarudi kulekule."

Alifunga ndoa na Demetria tarehe 5 Septemba 1970, Temeke. Nyumbani alitoa amri mara moja tu, mwaka 1974. Hakurudia.

Alistaafu mwaka 1994, akahamia Chanika kulima mananasi. Kisukari kikampata mwaka uliofuata. Wiki yake ya mwisho hospitalini alimwuliza muuguzi, akionyesha maandishi kwenye bahasha ya vidonge, "Sista, hii 'mara mbili' ni asubuhi na jioni, au vyote kwa pamoja?" Wodi nzima ikacheka, naye akacheka mpaka akakohoa. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Agosti 1998, saa sita mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita, na mdogo wake Gaspar, anayesoma wasifu huu na aliyeonywa na shemeji yake asiongeze chumvi.

Kaka, pumzika. Bwana akupe amani yake.